Hata Maji Hayakai

Kila mwanamke aliyewahi kuzaa ana dawa yake ya kichefuchefu, na ukishika mimba utazisikia zote kabla wiki haijaisha. Nusa ndimu. Tafuna tangawizi. Lamba chumvi. Kula biskuti kavu kabla hujainua kichwa kwenye mto. Kunywa chai ya rangi bila sukari. Hapana, weka sukari nyingi. Mama mkwe wangu alishuka kwenye basi la Tanga na kiroba cha machungwa ya Muheza, ndimu zimepangwa juu yake, na jirani wa mlango wa pili akaniletea ubani wa kutafuna. Sibezi hata kimoja. Zaidi ya nusu ya wajawazito hupata kichefuchefu miezi ya mwanzo, na wengi wao ndimu na biskuti huwavusha mpaka wiki ya 14 hivi, maisha yakaendelea. Mimi nawaandikia wale ambao hata maji hayakai.

Ninaposema hayakai, namaanisha unakunywa na kutapika kabla hujakirudisha kikombe mezani. Unatapika chakula. Kikiisha unatapika maji, yakiisha unatapika nyongo, ile ya njano inayochoma koo, nayo ikiisha tumbo linaendelea kujikamua tupu huku mbavu zinauma. Usingizini unaamshwa na hilo. Hospitalini ugonjwa huu una jina, haipaemesisi gravidaramu, na makadirio mengi yanauweka kati ya wajawazito 3 katika kila elfu na 3 katika kila mia, kutegemea aliyehesabu alitumia kigezo gani. Huanza mapema, kabla ya wiki ya 16, humzuia mtu kula na kunywa kawaida, na mara nyingi humpunguza zaidi ya asilimia 5 ya uzito aliokuwa nao kabla ya mimba. Mimi nilianza na kilo 62. Hudhurio langu la kwanza kliniki, kadi imeandikwa 55. Namba hiyo ilikuja kunisaidia kuliko machozi yangu yote.

Kitu ambacho hakuna shoga yangu aliyenionya ni mate. Mdomo unajaa mate mazito, yenye ladha ya chuma, na ukiyameza yanarudi na kila kilichokuwa chini yake. Kwa hiyo unatema. Unatema ukiwa umekaa, umelala, unaongea na simu. Nilikuwa na kopo la Blue Band la nusu kilo lenye kifuniko, ndani nimetandika tishu ili yasirushe, na kopo hilo nilikwenda nalo kila mahali kwenye mfuko mweusi wa kitambaa. Kwenye daladala la Tabata unalifungua polepole, unageukia dirishani, unatema, unafunga, halafu unajifanya unatafuta nauli. Usiku lilikaa sakafuni upande wangu wa kitanda. Anayelimwaga na kulisuuza ni mume wangu, kwa sababu mimi nikiliona ndani yake naanza upya. Wakiniuliza mapenzi ni nini siku hizi, nina jibu fupi.

Halafu harufu. Nafanya kazi ya uhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Buguruni, na watu wote walidhani kitakachonishinda ni thina na rangi za mafuta zinazochanganywa pale mbele. Ajabu, thina haikunisumbua hata kidogo. Kilichonishinda ni mafuta ya chipsi ya kijana wa nje, marashi ya bosi, na noti. Ndiyo, noti. Fedha zilizopita mikono ya wauza samaki na makondakta zina harufu ambayo mtu mzima wa afya haijui, na mimi kazi yangu ni kuzihesabu.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Tulikuwa tumepanga nyumba yenye familia nne na majiko yote kwenye korido moja, kila familia na saa yake ya kupika. Asubuhi maandazi, mchana dagaa, jioni vitunguu vya kila mtu vinaingia mafutani kwa zamu. Nilijifunza kutofautisha mafuta mapya na yaliyorudiwa nikiwa nimefunga mlango na kuziba chini kwa kanga iliyolowa. Mume wangu alikwenda mlango kwa mlango kuwaomba wapangaji wakaangie uani, nyuma ya choo, kwa wiki chache tu. Wawili wakakubali. Wa tatu akasema mimba za siku hizi zina mambo, yeye amezaa watano na hakuna jirani aliyehama na jiko. Sikumlaumu sana, mvua za masika zilikuwa zimeanza.

Chakula chake mume wangu alianza kula kwa mama ntilie kabla ya kufika nyumbani. Akifika anavua shati uani, ananawa, anasukutua, na bado nikamwambia alale sebuleni. Watu wakamaliza mjadala hapo hapo: mimba imemkataa mumewe. Msemo huo unatuliza roho za watu, maana unamfanya kila mmoja aone ameelewa, ila una madhara yake. Mume anaondoka kichwa chini akidhani anachukiwa, mke anabaki chumbani peke yake, na hakuna anayeuliza mgonjwa amekojoa saa ngapi mara ya mwisho.

Swali la kukojoa ndilo lililopaswa kuulizwa kituo cha kwanza tulichokwenda. Kutapika, kichwa kuuma, mwili kuchoka: kwa Dar es Salaam orodha hiyo ina jibu lililokwisha kuandaliwa. Walinipima malaria, na katika hilo walifanya sawa kabisa, maana malaria kwa mjamzito ni hatari na mtu yeyote mwenye mimba anayetapika apimwe bila ubishi, na mkojo upimwe pia kama una maambukizi. Majibu yakaonyesha sina. Wakanipa dawa ya malaria hata hivyo. Kidonge cha kwanza nikakitapikia palepale chini ya dirisha la dawa, na nesi aliyekuja na ndoo ya maji akaniambia, kwa upole tu, “Mama, mimba siyo ugonjwa. Wenzio wanatapika na wanakwenda shamba.”

Nimeisikia sentensi hiyo kwa watu wengi tangu siku ile, kutoka kwa wanawake wema wengi kuliko wabaya, na nadhani najua inatoka wapi. Mtu aliyetapika mara mbili kwa siku akavumilia hupima wengine kwa uvumilivu wake. Anaona wewe na yeye mlipita njia moja, tofauti ni kwamba wewe unadeka. Hana namna ya kujua kwamba mkojo wako umekuwa na rangi ya chai iliyokolea, na kwamba tangu alfajiri mpaka adhana ya Magharibi hujakojoa hata tone. Nilipotapika kitu chenye michirizi ya damu na kushindwa kusimama nikaoge, mume wangu aliacha kuuliza ushauri kwa mtu yeyote. Akaita bajaji.

Hospitali tuliyofika usiku huo ilikuwa na daktari wa zamu, msichana mdogo kuliko mimi, ambaye alifanya jambo dogo sana: alichukua kadi ya kliniki akasoma uzito, akaniuliza ule wa kabla ya mimba, akanipandisha kwenye mzani, akatoa simu yake na kupiga hesabu. “Dada, umepoteza zaidi ya kumi kwa mia. Unalazwa.” Hapakuwa na mjadala wa kudeka. Kilo zilikuwa zimeongea. Alipima mkojo, akatoa damu kuangalia potasiamu na sodiamu, maana mtu anayetapika sana hupoteza chumvi hizo na potasiamu ikishuka mno moyo unayumba. Akaagiza picha ya ultrasaundi ili ajue ni mtoto mmoja au mapacha, na kama ni mimba ya kweli au mimba zabibu, ile inayokua bila mtoto na ambayo nayo hutapisha vibaya. Alikuwemo mmoja, na moyo wake unakimbia. Nilitamani nifurahi. Nilikuwa nimechoka mno.

Sasa ikaja vita ya glukosi. Kwetu mgonjwa aliyeishiwa nguvu anapewa glukosi. Ndugu wakija kukuona wanabeba kopo la glukosi ya unga kutoka dukani, na dripu inayoheshimika ni ya glukosi. Mama mkwe alipoona nimetundikiwa maji ya chumvi alimfuata daktari korido nzima. “Mwanangu hajala wiki ngapi, mnampa chumvi?” Daktari akasimama akamweleza pale pale, mama mwenye khanga kifuani akisikiliza kwa makini kuliko mwanafunzi. Mtu asiyekula kwa wiki kadhaa huishiwa vitamini B1, thiamini. Mwili unaihitaji vitamini hiyo ili kuitumia sukari. Ukimmiminia sukari wakati hana B1, kile kidogo kilichobaki kinamalizika, na ubongo unaweza kuumia: macho yanacheza, mtu anayumba akitembea, anachanganyikiwa, na wengine hawarudi walivyokuwa. Kwa hiyo kwanza maji ya chumvi yenye potasiamu, B1 inaingia, sukari itafuata kama itahitajika. Mama mkwe akafikiri kidogo. “Basi mpeni hiyo B1 mara mbili.”

Chupa ya pili ya maji ilipokuwa inakaribia kuisha niliongea sentensi nzima bila kufumba macho. Sijui namna ya kumweleza mtu ambaye hajawahi kukaukiwa maji mwilini. Dunia iliyokuwa imesogea mbali inarudi mahali pake, sauti zinakuwa sauti za watu.

Somo kubwa nilipewa na nesi wa usiku. Alikuja na chupa ya maji baridi, akafungua, akamimina maji kwenye mfuniko wa chupa ile ile. Mfuniko, ule mdogo wa plastiki. “Hiki ndicho kikombe chako. Kimoja, tazama saa, dakika kumi, kingine. Ukiona kiu imekushika, usiongeze.” Nilimwona ananidharau. Mfuniko mmoja una maji ya kulowesha ulimi tu. Lakini tumbo lililozoea kurusha kila kinachotua ndani yake halikuutambua mfuniko ule kama kitu cha kurusha. Asubuhi nilikuwa nimekunywa chupa ndogo nzima, na yote yamekaa. Nilipotoka hospitali nilitoka na mfuniko ule mkobani.

Jambo la pili nililojifunza wodini ni kwamba dawa ya kuzuia kutapika inafuata saa. Wengi wetu tunaisubiri hali iwe mbaya ndipo tuchukue kidonge, tukiamini kila kidonge tulichokiepuka tumemwepushia mtoto. Kidonge kinachomezwa katikati ya kutapika kinaishia kwenye beseni. Niliandikiwa promethazini, ambayo inalaza usingizi mzito, na metoklopramidi kwa siku chache tu, maana hiyo haipendekezwi kwa muda mrefu kwa sababu inaweza kuleta misuli ya uso na shingo kujivuta yenyewe. Hazikutosha. Daktari akanieleza kuhusu ondansetroni, na alivyonieleza ndivyo ninavyopenda daktari aeleze: akasema utafiti mkubwa wa Marekani uliona kwamba ikitumika miezi mitatu ya kwanza, watoto wenye mdomo sungura au kaakaa lililopasuka huongezeka kwa takriban 3 katika kila watoto 10,000. Akaacha nifikiri. Upande mmoja ule uwezekano mdogo, upande wa pili mwili wangu uliokuwa unajila wenyewe. Nikakubali, na sijutii.

Uoga wetu wa dawa kwenye mimba una asili yake, na asili hiyo ni kichefuchefu chenyewe. Mwaka 1957 kampuni moja ya Ujerumani Magharibi ilianza kuuza talidomaidi, dawa ya usingizi ambayo ilipendwa na wajawazito kwa sababu ilituliza kutapika. Ilipoondolewa sokoni Ujerumani mwishoni mwa 1961, maelfu ya watoto katika nchi nyingi walikuwa wamezaliwa na mikono na miguu isiyokamilika. Baada ya hapo dawa yoyote ya mjamzito ikawa mshtakiwa. Marekani kulikuwa na kidonge kingine, mchanganyiko wa doksilamini na vitamini B6, ambacho mtengenezaji alikiondoa mwaka 1983 kwa kuchoshwa na kesi mahakamani, ingawa tafiti hazikuonyesha kwamba kinaharibu watoto. Miaka 30 baadaye, 2013, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikauidhinisha mchanganyiko huohuo upya, na leo ni kati ya dawa za kwanza kuandikwa. Kizazi kizima cha wanawake kilitapika katikati hapo. Mimi B6 peke yake ilinisaidia kiasi cha kupunguza makali, si zaidi.

Kuna kidonge kimoja ambacho daktari alikiondoa badala ya kukiongeza, na wengi hawalijui hili. Vidonge vya kuongeza damu tunavyopewa kliniki vina madini ya chuma pamoja na foliki asidi, na chuma huchokoza tumbo. Aliniambia niweke vile pembeni kwa muda, nimeze foliki asidi pekee, kwa sababu hiyo ndiyo inayomkinga mtoto na mgongo wazi katika wiki za mwanzo. Damu tutaishughulikia tumbo likitulia. Muulize daktari wako kabla hujafanya hivyo, hasa kama damu yako iko chini.

Nilitaka kujua kwa nini mimi. Jibu limepatikana juzi tu, na mwanamke aliyelitafuta alikuwa na sababu yake. Marlena Fejzo, mtafiti wa vinasaba huko California, alipata mimba mwaka 1999 akatapika mpaka akashindwa kusimama, daktari wake akamwona anatafuta kuhurumiwa, na mtoto akamfia tumboni kwenye wiki ya 15. Akaanza kutafuta. Mwaka 2018 yeye na wenzake waliona kwamba tofauti katika vinasaba vinavyohusiana na homoni moja, GDF15, zinaambatana na ugonjwa huu, na Desemba 2023, pamoja na kundi la Stephen O'Rahilly wa Cambridge, wakachapisha maelezo yake kwenye jarida la Nature. Homoni hiyo kila mtu anayo kidogo. Mimba ikiingia, kondo la nyuma na mtoto huimwaga kwa wingi kwenye damu ya mama, nayo inakwenda kugonga sehemu ya ubongo inayoamuru kutapika. Wanaoumia zaidi ni wale waliokuwa nayo kidogo sana kabla ya mimba, miili yao haijaizoea. Na wanawake wenye beta-thalasemia, ugonjwa wa damu ambao huwafanya waishi na GDF15 nyingi siku zote, kichefuchefu cha mimba karibu hawakijui. Hapo ndipo watafiti walipopata wazo la kujaribu kumzoesha mwanamke homoni hiyo kabla hajabeba mimba. Bado halijathibitishwa.

Nilimsomea mume wangu habari hii nikiwa kitandani na kopo langu. Nikamkumbusha kwamba huyo anayemwaga homoni, nusu ya vinasaba vyake vimetoka kwake. Akaenda kulisuuza kopo bila kujibu.

Kuna jambo ni gumu kuliandika na nitaliandika kwa kifupi. Kuna wiki nilitamani mimba itoke. Sikutamani kuitoa, au labda nilitamani, sijui mpaka wapi wazo lilifika. Nilikuwa nimelala ukutani nikiomba tu iishe kwa njia yoyote. Mimba hiyo tuliitafuta. Kwenye utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2021, wanawake zaidi ya 5,000 waliougua hivi waliulizwa, na nusu yao walisema waliwahi kufikiria kuitoa mimba. Takriban mmoja katika 20 aliitoa, na robo waliwahi kuwaza kujiua. Sikuyajua hayo wakati ule. Nilidhani ni mimi peke yangu mwenye moyo wa namna hiyo, na siku moja yakanitoka mbele ya mama mkwe, mtu wa mwisho niliyetaka ayasikie. Alikuwa anamenya chungwa. Hakuacha kumenya. Akasema, “Mwanangu, hata mimi nilimwomba Mungu amchukue. Nilikuwa natapikia kwenye shimo la taka, baba yenu ananipeleka kwa mganga anasema nimerogwa. Na huyo niliyeomba achukuliwe ndiye huyo mumeo.” Akanikabidhi ganda la chungwa ninuse.

Kazini mambo yalikwenda kwa karatasi. Bosi, mtu asiyekuwa mbaya, alipendekeza nianze kutumia likizo yangu ya uzazi mapema, ili “tusisumbuane”. Hapo ningejifungua nikiwa nimeshazila siku zangu 84. Rafiki yangu anayefanya kazi za rasilimali watu akanitumia vifungu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, mradi alete cheti cha daktari. Likizo ya uzazi inasimama peke yake. Nilipeleka cheti chenye jina la ugonjwa na nambari ya kilo. Bosi akakisoma, akasema hakujua kama kuna ugonjwa wa namna hiyo, na akaongeza kwamba mke wake naye alitapikaga. Nashukuru nilikuwa na cheti. Yule jirani aliyeniletea ubani anauza vitumbua; angeugua yeye, sheria hiyo isingemlipa senti.

Chakula nitakitaja haraka kwa sababu hakuna orodha inayomfaa kila mtu. Vya baridi vilikaa kuliko vya moto, maana havina mvuke wa kubeba harufu. Barafu za ukwaju, zile za mifuko myembamba wanazouza watoto mtaani, zilinilisha zaidi ya kitu kingine chochote: unafyonza kidogo kidogo, hazinuki, uchachu unakata mate. Viazi vitamu vilivyopoa. Embe mbichi na chumvi. Kula na kunywa nilivitenganisha kwa nusu saa. Mama mkwe aliniandalia maini na mchicha kwa ajili ya damu na daktari akamwomba kwa adabu aache: kwa sasa ale kinachokaa, hata kama ni kitu kimoja wiki nzima. Tangawizi ina ushahidi wake kwa kichefuchefu chepesi, na kwangu ilichoma koo lililokwisha kuchubuka. Kuhusu pemba, udongo ule wa kutafuna unaouzwa sokoni: hamu yake naielewa vizuri, niliununua, nikaunusa wiki nzima bila kuula, kwa sababu unaweza kuwa na risasi na mayai ya minyoo, na harufu peke yake ilitosha.

Haukuisha siku moja. Wiki ya 20 ilipita nikiwa bado natapika, wakati wengi wanakuwa wamepona, ila vipindi vilirefuka. Siku moja nikasikia harufu ya vitunguu vya jirani na nikaona njaa. Nilirudi wodini baada ya ile mara ya kwanza, na kila nilipofika mapokezi nilisema kwa mpangilio uleule: mara ya mwisho nimekojoa saa fulani, mkojo una rangi hii, kuanzia jana hakijakaa chochote, uzito wangu ulikuwa huu na sasa ni huu. Ukitaja hayo unawekewa kiti. Na kama kuna homa, maumivu makali ya tumbo, damu kwenye matapishi, kuchanganyikiwa au macho kucheza, hayo yatajwe kwanza kabisa.

Binti yangu alizaliwa na kilo 2.9, mzima, mwenye sauti. Mate yaliacha siku hiyohiyo, chumba cha kujifungulia. Wale wakunga walishangaa mzazi anaomba chai ya maziwa kabla ya kumshika mtoto vizuri.

Daktari ameshanieleza kwamba uwezekano wa kurudia kwenye mimba ya pili ni mkubwa, na kwamba tukiamua, safari hii hatusubiri: nianze foliki asidi mapema, nirudishe uzito kwanza, na dawa ya kutapika ianze dalili za mwanzo kabisa zikionekana, kabla tumbo halijazoea kurusha. Tumehamia nyumba yenye jiko letu wenyewe. Mume wangu anasema yuko tayari kula kwa mama ntilie mwaka mzima. Mimi bado namsikiliza.